Hisa Zenu na Pampu Yetu ya Mang'ola

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Karatu hatujambo. Mama yako anavuna maharage, na goti langu limeacha kunisumbua. Umeniuliza kama wewe na wenzako muuze hisa za ile kampuni ya kompyuta inayoyumba, au mzishikilie. Kompyuta sizijui, lakini nitakusimulia habari ya pampu.

Nilipokuwa msichana kule Mang'ola, sisi wakulima wa vitunguu tulichanga tukanunua pampu ya maji, kila mtu na hisa yake. Msimu wa pili ikagoma. Tajiri mmoja mwenye malori akaja kutaka hisa zetu kwa bei ya kutupa. Tulibishana kikaoni mpaka sauti zikakauka. Wengi walitaka tuuze kabla hatujakosa vyote.

Shangazi yangu Paskalina akasimama. "Huyu tajiri chuma kibovu anakitakia nini?" akauliza. "Twendeni tukaifungue, tuone kilichokufa."

Tukaenda. Kilichokufa ni kipuri kimoja tu, injini ilikuwa nzima. Tulikataa kuuza, tukaagiza kipuri Arusha, na maji yaliporudi mferejini nilicheka peke yangu kama mwehu. Pampu ile ilitulisha miaka mingi.

Kwa hiyo usianze na bei, mama. Someni taarifa za kampuni, muulize kama watu bado wanahitaji inachotengeneza. Wakiwa wanahitaji, shikilieni bila hofu. Kama hawahitaji tena, uzeni mlale usingizi. Akili hiyo unayo.

Kisha uniandikie mlichokiona wenyewe, siyo mlichoambiwa.

Bibi yako,
Veronika