Kufuli la Bomba la Uani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi, Kyela mjini
Tarehe: 21/10/2024, saa 3:20 asubuhi
Jina: Tusajigwe Ambokile
Umri: Miaka 58
Kabila: Mkisi
Kazi: Kufinyanga na kuuza vyungu
Makazi: Kyela mjini, mpangaji wa Mzee Andongwisye

Mzee Andongwisye alitupangisha kwa kauli yake mwenyewe: umeme na maji vimo ndani ya kodi. Tulilipa miezi sita mbele, mimi na Mwalimu Georgina, mgeni kutoka Bukoba. Mwalimu ana binti wa miaka minane, Catheline, mgonjwa wa kisukari. Anachomwa insulini kila siku, na dawa hiyo hukaa kwenye friji.

Mnamo tarehe 15/10/2024, saa mbili asubuhi, mzee alikata umeme wa chumba cha mwalimu. Alisema, "Taa imo ndani ya kodi. Friji haimo." Mwalimu alilia. Mimi sikulia. Nilitumbukiza chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati nikajaza mchanga, nikaulowesha ili upoze, dawa ikakaa humo. Nesi alikuja kuangalia, akasema itafaa, mradi mchanga usikauke.

Mnamo tarehe 18/10/2024, saa nne asubuhi, nilikuta bomba la uani limefungwa kufuli. Nilimwuliza mzee kulikoni. Akajibu, "Mnamwagilia mchanga maji yangu." Maji yake! Kyela hii kila Aprili mafuriko yanatufuata mpaka kitandani, leo mtu anabania ndoo moja tuliyokwisha kuilipia! Nilimwambia, "Baba, mtoto atakufa." Akasema nisimfundishe kuendesha nyumba yake, akapanda bodaboda kwenda kuuza kokoa.

Ningeweza kuomba maji kwa jirani. Sikutaka. Hasira ilinishika, na hata sasa ninavyosema bado ninayo.

Jana mzee aliripoti hapa kwamba Mwalimu Georgina amevunja kufuli, akaniandikisha mimi shahidi wake. Nadhani alitegemea nitaogopa kufukuzwa. Basi nashuhudia. Saa nne na nusu siku hiyo ya tarehe 18 mwalimu alikuwa darasani. Kufuli nililivunja mimi, kwa mchi wangu wa kutwangia, mapigo matatu. Kisha nikajaza ndoo, nikalowesha mchanga.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Sina la kupunguza.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

Mimi Koplo Edwin nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali. Nilimwonya kuwa yanamtia hatiani yeye mwenyewe, nikamwuliza kama anataka kubadili neno. Alijibu: "Ongeza kwamba nikirudi nikakuta kufuli jingine, nalo nitalivunja."