Mabati Yapo, Baba, Ila Anakungoja Wewe

Ngamiani, Tanga

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepata nafuu. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia, na sababu utaiona mbele. Tafadhali isome peke yako kwanza, usiifungue mbele ya kamati ya shule.

Baba, nimekwenda kwa Shangazi Zaina. Nilifanya kama ulivyoniagiza: nisitaje jina lako, niseme nimetumwa na kamati, niombe mabati machache ya kuanzia. Hali naijua. Kuta zimesimama, lakini matofali ni mabichi, na majani ya migomba mliyofunikia hayatastahimili masika. Wakubwa wa Boma la wilaya nao wamesema wazi kwamba mwalimu hapelekwi kwenye shule isiyo na bati. Mvua ikitangulia, kuta zitarudi kuwa udongo na watoto watarudi kuchunga mbuzi. Ndiyo maana nilikwenda, ingawa miaka yote niliyokaa hapa mjini nikikaribia nyumba ya dada yako nahamia upande wa pili wa barabara, kwa kuwa kwetu jina lake halitajwi.

Kumwona kwenyewe kazi. Analindwa na msimamizi wa malori yake, jitu nene lenye jino la dhahabu, aliyenitazama viatu akasema, "Bibi hanunui mboga leo." Nilipokwenda tena akaniambia Bibi amelala. Mara nyingine tena amekwenda msikitini, na huku kikohozi chake nakisikia dirishani! Nikapandwa na hasira. "Mwambie mtoto wa ndugu yake yuko mlangoni." Akacheka. "Bibi huyu hana ndugu." Ndipo sauti ikatoka ndani: "Mwache apite."

Nililetewa chai. Baba, mimi huongea na mabwana wa ghalani bila woga, lakini pale ulimi ulikataa. Nikazungumza habari za kabichi, za barabara ya Mombo inayoporomoka kila masika, hata za bei ya mkonge, ambayo sisi makarani wa kupima marobota hatuambiwi. Kila nikiyakaribia mabati nayakwepa.

"Hoza," akasema, "maliza chai useme ulichotumwa. Mtu wa kwetu Lukozi haji kwangu kuniletea salamu."

Nikasema. Mabati machache tu, Shangazi, ya kuanzia.

"Machache? Shule nzima, mnaniomba kipande cha paa? Mmeniona maskini, au mnaogopa nitawanyima?"

"Tunaogopa, Shangazi."

"Ninyi nani? Mwenyekiti wa kamati yenu ni nani?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini ana uso wako kabisa, hata namna ya kukunja nyusi, na mimi wewe sijawahi kukudanganya usoni. Nikasema, "Ni Baba."

Akajifunga vizuri mtandio wake. Kisha akasema polepole, kwa Kishambaa, "Nilipofiwa na mume wangu nilipeleka mtu Lukozi. Nikakaa matanga, na kila treni ya Mombo ikifika nawaambia watu, mdogo wangu yumo. Matanga yakaanuliwa, hakushuka mtu. Leo wewe umeingia, umekaa, umekunywa chai yangu, umeniomba mabati. Pole hujanipa."

Baba, kweli sikumpa. Nilidhani msiba wa zamani umekwisha, kumbe kwake bado umo ndani ya nyumba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikapiga magoti nikampa pole, akaipokea, akanishika kichwa. "Ya kwako nimeipata," akasema. "Ya kwake bado."

Sasa sikiliza maneno yake, nayaleta kama yalivyo. Mabati ya shule nzima yapo, na lori lake litayapandisha mpaka Lukozi bure. Hataki jina lake liandikwe ukutani. "Nataka ashuke mwenyewe, aniamkie, anipe pole kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama yetu akiwa shambani. Asinitumie kuku, asinitumie mtoto." Nilimbembeleza, nikamwambia mvua haitungoji. Akajibu, "Mimi nilingoja."

Utingo anayekuletea barua hii amebeba na bati moja. Shangazi anasema hilo si la shule. Uliezeke hapo unapolala, mvua ya kwanza ikinyesha uisikie vizuri.

Najua umekasirika. Najua marehemu mume wa Shangazi alimchukua bila kuja kwa wazee, na kwamba wewe siku hizi unaamkiwa tu, huamkii mtu. Lakini uliponituma uliniandikia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, Baba. Nimeinama mpaka magoti yameshika vumbi, na bado sikukifikia, kwa sababu anayetakiwa kuinama si mimi. Ninaogopa kukuambia hivi kuliko nilivyomwogopa yeye.

Nisalimie kaka yangu Shabani aliyezijenga kuta hizo kwa mikono yake, na mkewe. Nisalimie bibi mzaa mama, mwambie ugoro wake nimeupata. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani mwombe atuombee dua, ila sababu usimwambie kama hutaki.

Kila treni ya Mombo ikifika nitakuwa stesheni, nikitoka kazini moja kwa moja. Shangazi sijamwambia, maana aliapa kwamba hatangoja mtu tena. Lakini nilipokuwa navaa viatu mlangoni aliniuliza, huku anatazama kwingine, kama bado hupendi chai yenye tangawizi.

Nikamwambia hupendi. Akamwita msichana wa jikoni, akamwambia akumbuke.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Hoza