Choki Iliyomuunguza Mzee Mwakio

Ndara, nje ya Voi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Omari,

Assalaam alaikum. Mgongo wako vipi? Na mama, ile miwani anaivaa sasa, au bado anaifunga kwenye ncha ya kanga? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio umenikaa vibaya, na ukimaliza kusoma wako nao hautakaa vizuri. Nisamehe mapema.

Nilishakuandikia habari za Mzee Mwakio, dereva wetu hapa ranchi, yule Mtaita aliyenipa kitanda chake nilipofika sina ninayemjua, akalala mkekani yeye mwezi mzima. Basi nilikaribia kumfukuzisha kazi. Mimi, Athumani, kwa mdomo wangu huu.

Jumatatu alitumwa na lile gari la jipu kuukuu kwenye josho la ng'ombe la mbali, akamchukue Wakesho, mke wa mchunga ng'ombe mmoja, aliyeshikwa na uchungu, ampeleke hospitali Voi. Alipofika akazima, wakampakia, akawasha: tik! Tena: tik! Taa zinawaka vizuri, stata haizunguki. Pale ni mchanga mtupu, na wa kusukuma ni mama mkwe wa Wakesho peke yake. Wakesho akajifungulia kwenye kivuli cha gari, jua la saa saba. Mtoto alilia, alhamdulillahi, lakini mama alimwaga damu mpaka lori la mkonge lilipopita likamchukua. Bado yuko hospitali.

Jioni jipu likawaka lenyewe, likaletwa kwangu. Nikafanya ulivyonifunza: usichoshe betri ya mwenye gari, jaribu kwa betri ya gereji. Nikaleta betri yetu, waya mmoja kwenye betri ya jipu, mwingine nikaubana kwenye injini. Mara kumi niliwasha, mara kumi likashika. Meneja akauliza, "Gari lina nini?" Nikamjibu, "Gari zima, bwana."

"Fundi," Mzee Mwakio akaniambia mbele ya watu, "kule joshoni, nilipoivuta choki ili gari liwake, iliniunguza mkono."

Watu wakaangua kicheko. Meneja akasema, "Tangu lini choki ikawa jiko? Ulikuwa umelewa mbangara wewe!" Mzee akapewa mpaka Jumamosi afunge vitu vyake aende. Na mimi, kaka, nilicheka pamoja nao.

Ijumaa narudi ranchi kutoka msikitini Voi, namkuta anafunga sanduku lake kwa kamba. Vidole viwili havikunjiki. Nikamshika mkono nikautazama. Lengelenge limekatiza vidole vyote viwili sawasawa, kama la mtu aliyeshika mkono wa sufuria motoni.

"Mzee, twende joshoni. Sasa hivi."

"Kufanya nini? Gari si zima?"

Akapanda hata hivyo. Betri ya gereji nikaiacha. Joshoni nikazima, nikawasha. Likashika. Nikazima, nikawasha. Likashika. Mzee ananitazama tu, na mimi jasho linanitoka namwomba Mungu gari likatae, dua ambayo sijapata kuiomba tangu niwe fundi. Mara ya tano: tik! Nikakaza ufunguo hapo hapo, nikaishika choki. Ya Rabbi! Moto, kaka! Niliruka nikagonga kichwa.

Hapo nikaelewa. Nikaingia uvunguni, nikaukuta ule msuko wa waya unaounganisha injini na fremu umeliwa na kutu, zimebaki nyuzi chache. Zikigusana, gari linawaka. Zikiachana, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwenye kebo nyembamba ya choki mpaka inaiva. Nami kwa kubana waya wa betri yangu kwenye injini, niliupa umeme njia nzuri ya kurudi, nikawa nalitibu kila nilipolipima.

Jana asubuhi, watu wamepanga mstari wa kugawiwa kazi, nikasema mbele yao wote: gari lilikuwa bovu, mzee alisema kweli, aliyekosa ni mimi. Meneja akamwambia Mzee arudishe sanduku ndani. Nikamfuata kumwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, fundi. Ila ulicheka." Leo hajaja kunywa chai kwangu, na kila Jumapili huja.

Sasa sikiliza, kaka. Unaikumbuka pikapu ya shemeji Bakari? Alituletea mara tatu, mara tatu tukaiwasha kwa betri yetu, ukamwambia gari zima, dereva ndiye mgonjwa. Akasema choki inamchoma. Wallahi alisema, nilikuwepo. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku ile dada yetu Mwanaisha, mkewe, hajakanyaga kwako, na wewe unasema ana kiburi. Pikapu naambiwa ipo uani kwao, kuku wanatagia ndani.

Nenda kwao, kaka. Wewe ndiye mkubwa, najua itakuwia nzito. Kwangu pia ilikuwa nzito, na bado sijafa.

Mama mbusu mikono kwa niaba yangu. Shemeji mkeo mwambie achari yake niliimaliza kabla basi halijafika Voi. Wanao wote nawasalimia, na yule mdogo asipande juu ya matairi.

Salamu za dada sizitumi kwa karatasi. Mpelekee mwenyewe, spana mkononi. Betri yetu iache gereji.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kidole kilichoungua,
Athumani