Kabati Mgongoni, Penseli Sikioni

Mpwa wangu,

Mjomba wako, seremala asiye na mpinzani, anakusalimu. Karakana inavuja, lakini kwa bahati inavujia mbao za jirani. Unakumbuka nilivyopandisha kabati ghorofani peke yangu, na mwenye kabati kalala ndani? Mgongo ni ule ule.

Chakula tu ndicho kinachokwama kifuani, basi mama yako akanikokota hospitali. Daktari akasema, “Mzee, una saratani ya umio.”

Nikamjibu, “Siumii popote, binti yangu. Nachoka tu.”

Mama yako akacheka. Kumbe umio ni njia ya chakula. Daktari hakucheka, akauliza nachoka kiasi gani. Nikasema siku hizi hata penseli ya sikioni ni mzigo. Akamgeukia mama yako: “Uchovu huo unanitisha kuliko uvimbe wenyewe.”

Kitanda chako cha harusi kimebakia kupigwa msasa tu. Nakipiga kidogo, kisha najilaza humo humo. Jana mama yako aliniita mpaka akalia, ndipo nikasikia.

Njoo ukichukue, mwanangu, kabla hakijanizoea.

Mjomba wako,
Mbeba Kabati