Kisu cha Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Nyanya imepasuka leo mbele ya dada. Haikukatika – imepasuka! Mbegu zikaruka hadi kwenye shati langu. Dada yangu mkubwa yuko hapa tangu wiki iliyopita, amekuja kuniangalia, kama vile mimi mgonjwa. Akakitazama kisu, akanitazama mimi. Akasema hiki hata siagi itakicheka.

Mke wangu ndiye aliyekuwa ananoa. Tangu tumzike hakuna aliyenoa. Alikuwa anageuza kikombe cha udongo kichwa chini, anasugua kisu kwenye ule mduara mkavu wa kitako, kwish, kwish, huku anazungumza mambo mengine kabisa. Kikombe kipo kabatini. Sikigusi.

Nyanya nimeila kwa kijiko. Maji maji, vuguvugu. Kinyaa.

Jumanne, 5 Machi

Dada amejikata. Kitunguu kiliteleza, kisu kikamwangukia kidoleni. Hata sisi mafundi cherehani tunajua: chuma butu ndicho kinachoumiza, maana unakilazimisha. Nimemfunga kwa kipande cha pamba kilichobaki kwenye gauni la mteja. Vitunguu vilikuwa vinaelea kwenye damu juu ya ubao. Nimemwaga vyote.

Sasa ametoa amri. Tunanunua mashine ya umeme ya kunolea visu. Rafiki yake anayo – unachomeka, unapitisha, habari imekwisha. Nikasema haya, inole vile vingine.

"Vingine vipi, mdogo wangu? Vile viwili ni bati la kopo. Humu ndani kisu ni kimoja."

Kweli ni kimoja. Chenye mpini mweusi, ambao mke wangu aliuzungushia uzi wangu wa jinzi ulipopata ufa. Nilimgombeza kwa ule uzi. Akasema basi nishonee mpini mpya.

Jumatano, 6 Machi

Dada alipoingia kuoga, nikatoa kikombe. Nilitaka ninoe mwenyewe, mashine ifutwe.

Kabla ya kusugua nikapitisha kidole gumba ubavuni mwa kisu, kama ninavyopima mkasi. Upande mmoja una mteremko mrefu, laini. Upande wa pili bapa kabisa. Nikakigeuza. Nikakihamishia mkono wa kushoto. Kikatulia!

Mke wangu alikuwa mashoto. Miaka yote alikinoa kwa mkono wake, kwa ajili ya mkono wake. Na mimi miaka yote nikikata mkate, unatoka mnene huku, mwembamba kule, naye hana mbavu: "Fundi, hii silesi au kabari ya mlango?" Nikaamini sina mkono wa jikoni. Naye sidhani kama alijua. Angejua angenitania zaidi.

Nimecheka peke yangu. Halafu kicheko kikaniishia.

Nikajaribu kunoa kwa kulia. Mlio haukuwa ule wake, ulikuwa kama kucha ubaoni. Nikatazama: upande bapa umeanza kukwaruzika. Nilikuwa namfuta. Nimerudisha kikombe kabatini. Mikono inanuka chuma hata baada ya sabuni.

Alhamisi, 7 Machi

Dukani. Muuzaji amejimwagia manukato, nimepumua kwa mdomo muda wote. Mashine tatu zimepangwa mezani. Ndogo ina mfereji mmoja, inatafuna chuma tu. Ya kati ina miwili, wa kukwangua na wa kulainisha. Kubwa ina mitatu, na sumaku ya kuvuta kisu kikae sawa. Akachukua kisu chake cha maonyesho. Zzzzz! Harufu kama ya nywele zilizoungua. Unga mweusi ukamwagika mezani, akaufuta kwa kidole, kidole akakipangusa kwenye suruali. Halafu – bila kuosha kitu – akakata tango, akamkaribisha dada. Dada akala! Mimi nikageukia majiko.

Akaona sijavutika, akakata gazeti. Gazeti! Anayekata karatasi kwa mkasi wangu, simwamkii wiki nzima.

"Umeona, mzee wangu? Wembe!"

Nikamuuliza kama inanoa pande zote mbili. Akasema zote, sawa kwa sawa, hata usifikirie. Je, mtu akitaka upande mmoja tu? Akacheka, akamuuliza dada kama nyumbani tunanyoa kondoo. Dada naye akacheka.

Ningemweleza dada njiani. Lakini alikuwa amebeba boksi kwa mkono mmoja, kile kidole amekiinua juu, na alisema hataondoka kuniacha katika nyumba ambayo hata kitunguu kinashinda watu. Anaondoka Jumapili. Nikabeba boksi mimi. Ya kati, mifereji miwili.

Ijumaa, 8 Machi

Boksi bado halijafunguliwa. Linanuka plastiki hadi chumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Amelifungua. Ameanza na vile vya bati. Nyumba nzima ilikuwa inalia kama meno yanachimbwa. Mbavu za visu zimejaa mikwaruzo, na unga mweusi umeingia kwenye bakuli la sukari. Nimeuona kabisa! Dada akakoroga chai yake, akanywa. Lakini visu vinakata. Siwezi kusema uongo. Amekata nyanya, kipande chembamba hadi unaona ubao kwa chini, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sijamwona amefurahi hivyo tangu msiba.

"Haya, sasa kisu chenyewe. Kilete."

Nikasema kichafu, nikakioshe. Nikapita sinki, nikapita korido, nikaja chumbani. Mtu mzima na mvi zangu nimefunga mlango nimekalia kitanda cha marehemu na kisu. Aibu.

Anapiga kelele kutoka jikoni, anauliza kama nakiosha kwa mate. Mashine inanguruma, anaiacha ipate moto, kama gari.

Ningemwambia nini? Kwamba wifi yake yumo kwenye upande mmoja wa chuma? Atalia. Au atanionea huruma, mbaya zaidi. Na kisu chenyewe hakikati. Kikibaki hivi ni pambo. Kikipita kwenye ile mifereji kitakata mkate wangu sawa, silesi baada ya silesi, zote zimenyooka, na hakuna atakayenicheka.

Mashine imezimwa.

Ndara zake koridoni. Amesimama. Anaita taratibu sasa, ananiita kwa jina la utoto, anauliza kama nalia. Nimesema subiri, naandika. Ni kweli, kwa kulia naandika. Kushoto nimekishika. Mlango huu hauna ufunguo, na kitasa kinazunguka