Mwandishi A

Los Angeles,
10 Desemba 1979

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa kuanika zabibu kimekwisha. Kaka Vahan aliniambia kwa simu kwamba umekataa katakata kumwona daktari, unakunywa maji ya moto na asali tu. Nakuomba uende, Baba, acha ubishi. Mimi mzima. Nimenenepa kidogo, Mama atafurahi.

Bila shaka unaikumbuka ile tamthilia ya chombo cha anga iliyofutwa miaka kumi iliyopita, Vahan akanuna wiki nzima. Mwaka juzi studio iliamua kuirudisha kwenye televisheni, nami nikapewa kuandika sehemu ya kwanza. Niliandika juu ya wakimbizi wanaozurura angani kwa sababu hakuna sayari inayowataka, na nahodha anayeamriwa asiwafungulie mlango. Mafundi wakajenga chombo kizima, waigizaji wakapimwa mavazi. Siku chache kabla ya kuanza kupiga picha tukaitwa tukaambiwa basi, imefutwa tena. Mzee Orville, mkuu wa maseremala, akasema ameshazika watu wengi, lakini hajawahi kumzika mtu mmoja mara mbili. Nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Haukupita muda upepo ukageuka. Studio nyingine ilikuwa imetoa sinema ya mambo ya anga, na foleni zake zilifika mtaa wa pili. Wakubwa wetu wakazinduka: kumbe sisi tuna chombo kizima kimekaa bure! Wakaamua hadithi yangu ile ile iwe sinema kubwa. Orville alinung'unika kwamba sasa kila ukuta upakwe rangi upya, maana madoa yasiyoonekana kwenye televisheni yangeonekana wazi kwenye pazia la sinema. Alinung'unika huku anapiga mluzi.

Hapo ndipo nilipoanza kuibiwa. Mtayarishaji wetu, Bwana Crandall, alibadilisha maneno mawili matatu, na mara jina lake likawa juu ya mswada, langu halipo. Nilipomuuliza alinipigapiga begani, akasema, "Roxy, mpenzi, wewe uliandika kipindi. Hii ni sinema. Usijitafutie ubaya mjini hapa." Roxy Terry ndilo jina ninaloandikia, unalijua. Wakala wangu naye akanishauri nimeze tu, kwa sababu Crandall angeweza kunifungia milango yote. Baba, nilitamani kurudi Fresno nikapogoe mizabibu.

Lakini sisi waandishi tuna chama, na chama kina desturi yake. Mkigombania kazi, miswada yote inapelekwa kwa waandishi watatu msiowajua. Majina yanafutwa, wanabaki Mwandishi A, yaani mimi, na Mwandishi B. Hakuna wa kumbembeleza wala wa kumpeleka hotelini, na Crandall ni mtu ambaye maisha yake yote ameshinda kwa nyama na mvinyo. Basi akapeleka rundo la miswada, kila toleo alilowahi kuligusa, aonekane mchapakazi. Wale watatu wakaisoma yote. Katika kila toleo wakawakuta wakimbizi wangu, mlango wangu na nahodha wangu.

Mama mmoja wa chama alinipigia simu, akaniambia kwa sauti ya kutangaza hali ya hewa kwamba Mwandishi A ndiye mwandishi, peke yake. Nilipiga ukelele hadi jirani yangu, Bibi Dolores, akaja mbio na ufagio akidhani kuna mwizi. Nikamkumbatia na ufagio wake.

Sinema imetoka Ijumaa. Nahodha alipofungua ule mlango, jumba zima lilisimama na kushangilia, na mimi nikashangilia kuliko wote. Leo asubuhi studio imeagiza ya pili, na ya tatu inazungumzwa. Crandall mwenyewe ndiye aliyenipigia, na sasa ananiita Bibi Terry. Ya pili naiandika mimi.

Sasa Baba, nina jambo, na nitalisema bila kuzunguka. Nilipoondoka nyumbani uliniambia niandike upuuzi wangu wote nitakao, ila jina la Terzian nisilitie humo, kwani waliolibeba hadi huku waliteseka mno, si jina la kuchezewa. Nimekutii miaka yote. Lakini yule mama wa chama aliponiuliza jina langu liandikweje kwenye pazia, sikumwambia Roxy Terry. Nilimwambia Araksi Terzian, nikamtajia herufi moja moja. Sikukuomba ruhusa, na msamaha siombi. Wale wakimbizi ni ninyi, Baba. Ni wewe ukiwa mtoto mgongoni kwa Bibi, pale ufukweni mlipofukuzwa kwenu, mkiipungia shuka kila meli iliyopita, hadi moja ikageuka. Nisingeweza kuwaweka ninyi kwenye pazia, halafu juu yenu nikaandika jina la uongo.

Sinema inafika Fresno Ijumaa hii. Jina linatokea mwanzo kabisa, kwa hiyo Vahan awashushe mlangoni kwanza, ndipo akatafute pa kuegesha gari. Ukitaka kukasirika, kasirika ukishaliona.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na umwambie asipike chochote siku hiyo, mle nje kwa mara moja.

Ni mimi binti yako mkaidi,
Araksi Terzian