Vitabu Vilivyopigwa Mnada

Roret,
Bureti, Kericho.
17 Novemba 2024

Mpendwa kaka Alexander,

Salamu kutoka nyumbani, tena nyingi, maana hasira haimzuii mtu kusalimu. U hali gani huko Edmonton? Kile kifua kilipona? Tumesikia baridi imeanza. Sisi ni wazima. Magoti yanamsumbua Mama, lakini bado anakamua ng'ombe mwenyewe na kugombana na kila anayetaka kumsaidia. Mvua ni nzuri, na majani chai yanachipua kuliko mikono ya kuyachuma.

Barua hii nimempa Nelvine wa shangazi, anayekuja kusomea huko. Kwenye simu, nikianza jambo hili, mtandao wako hupotea.

Jambo lenyewe ni vitabu. Ulipoondoka tulikubaliana mimi nibaki na Mama na shamba, wewe uniletee zile hadithi za safari za anga zilizoandikwa kutokana na filamu tuliyokuwa tukiitazama kwa Mzee Bosire kule Kapsoit. Vyote tisa vilifika, na nilikushukuru. Nilivisoma polepole makusudi, visiishe. Nilikuwa kwenye cha sita.

Kisha kanisa likafanya harambee ya paa. Mama akakupigia kuuliza atoe nini kwa jina lako, nawe ukamjibu, "Si kuna vile vitabu vya watoto? Peana hivyo." Mimi nilikuwa shambani, kikapu mgongoni. Hakuna aliyeniuliza. Hata hicho cha sita kilitolewa chini ya mto wangu.

Mama hasomi Kiingereza. Aliona ni vinene na vimetoka ng'ambo, akadhani unajishusha tu kuviita vya watoto, akaamini ni vya udaktari. Mwendesha mnada naye akaona vikienda pamoja vitaleta kidogo, akaviuza kimoja kimoja, katikati ya jogoo na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Wazee walishindana kweli. Ulipigiwa makofi mara tisa, kaka, na wewe hukuwepo. Hadithi moja ikatawanywa kutoka hapa mpaka Kipkelion, kwa watu ambao hawatafungua hata ukurasa.

Nimevifuata. Cha sita nilikipata kwa kuomba. Cha saba kilikuwa kinazuia mlango wa duka usipigwe na upepo. Cha nane Obiero wa kiwandani alinipa bila maneno mengi, Mungu ambariki. Cha tisa, cha mwisho, kiko Kipkelion kwa Mzee Robert, amekisimamisha kabatini kando ya picha ya harusi yake.

"Hiki siwezi kupeana, msichana yangu," aliniambia. "Nilinunua mbele ya watu. Kikitoka hapa watasema harambee ilimshinda Robert. Wewe kuja usomee hapa."

Basi kila Jumapili baada ya ibada nimekuwa nikienda kusomea sebuleni kwa watu, kama mgeni wa posa. Mkewe, Mama Priscah, ananimiminia chai na kutaka nimsimulie. Jumapili iliyopita tulimaliza. Tavi, yule msichana fundi aliyeachwa alinde kituo wenzake wakitafuta sayari mpya, anangoja mpaka anachoka. Anazima taa zote za kituo, anapanda chombo kilichobaki na kwenda zake.

Mama Priscah akauliza, "Na wale walimwacha, wakirudi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akaniongezea chai, akasema, "Wacha wakute giza."

Nilicheka, kisha njiani nikalia. Uchungu wangu si karatasi. Nilidhani tunapeana zamu ya kuondoka, wewe kwanza kisha mimi, kumbe mwenzangu alishasahau kuna zamu. Kwako nilikuwa mtoto na vitabu vyake vya watoto, na shamba linajichuma lenyewe.

Nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, na Januari naondoka. Mama nimemwambia. Hakulia, aliuliza tu nani atakuambia wewe. Nikasema ni mimi. Njoo, au utafute mtu wa kukaa naye, na umtafute wewe mwenyewe. Usimtumie maagizo kwa simu, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nisalimie shemeji Molly na Noah mdogo. Shangazi Cherotich anakusalimu, na Mama pia, yeye bila kinyongo. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo na akuoneshe njia ya nyumbani kabla haijaota nyasi.

Ni mimi dada yako akupendaye, na hapo ndipo panaponiuma,

Chepkurui